Taimshea: ninunue, au niendelee kukodi wiki kwa wanaozimiliki?

Msafiri Mtulivu aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Naomba mawazo yenu kabla sijatia saini jambo ambalo, kwa jinsi nilivyousoma mkataba wake, litaniandama kwa miaka mingi.

Mimi na mwenzangu huenda likizo mara moja kwa mwaka pamoja na watoto wetu wawili ambao bado wanasoma. Katika safari ya karibuni tulialikwa kusikiliza maelezo kuhusu taimshea, yaani ule utaratibu wa watu wengi kuchangia nyumba moja ya likizo, kila mmoja akiwa na zamu yake. Tuliambiwa kwamba maelezo yangechukua saa moja na nusu. Tulitoka jua likielekea kuzama, tukiwa tumeandikiwa bei tatu za kitu kilekile kwenye karatasi moja, kila bei ikiwa ndogo kuliko iliyoitangulia na ikiwa imekatwa kwa kalamu nyekundu, na ile ya chini kabisa ikiwa na sharti kwamba ingekoma mwisho wa wiki.

Sipendi kukataa jambo kwa sababu tu anayeliuza ana haraka. Nyumba zenyewe ni nzuri: vyumba viwili vya kulala, jiko kamili, sebule na mashine ya kufulia. Kwa familia yenye watoto hayo si mambo madogo, kwa sababu vyumba viwili vya hoteli vinaweza kugharimu zaidi na bado mtu akakosa pa kumpashia mtoto chakula usiku. Muuzaji alitueleza kwamba tukinunua tutakuwa tumeyalipia malazi yetu kwa bei ya leo maisha yetu yote, kwamba hiyo ni mali ya kurithisha, na kwamba siku tukichoka tutaiuza au tutaikodisha.

Mwenzangu amevutiwa. Mimi nimegundua kwamba nyumba zilezile, katika jengo lilelile, zinakodishwa wiki moja moja na watu waliokwisha kuzinunua, na kodi wanayoomba haipishani sana na ada ya matunzo ambayo sisi tungelipa kila mwaka hata baada ya kumaliza kulipia ununuzi. Hapo ndipo nilipokwama. Ikiwa mwenye mali anaridhika kurudishiwa ada yake tu, mimi ninanunua nini hasa? Au kuna faida ya kumiliki ambayo mpangaji haipati na ambayo sijaiona? Ningependa kusikia kutoka kwa wanaomiliki, wanaokodi na wanaofahamu sheria, maana kila niliyemuuliza ana upande wake.

Mhasibu wa Jioni alijibu:

Ndugu Msafiri, swali lako limegusa pale ambapo wauzaji hawapendi paguswe. Taimshea ina bei mbili. Moja ni ya kuingia, nayo ndiyo inayojadiliwa, inayopunguzwa na kukatwa kwa kalamu nyekundu. Nyingine ni ada ya matunzo, ambayo haijadiliwi kabisa, hulipwa kila mwaka uende likizo usiende, na hupanda. Watu hutumia mchana kutwa wakibishana juu ya ile ya kwanza, ilhali ya pili ndiyo inayoamua kama biashara ilikuwa nzuri au mbaya.

Tufanye hesabu kwa tarakimu za kubuni, katika fedha yoyote utakayo. Bei ya kununua kwa kampuni iwe 20,000, ada ya mwaka wa kwanza iwe 1,000, na ada hiyo ipande kwa asilimia 5 kila mwaka. Kwa upande wa pili, mmiliki akukodishie wiki kama hiyo kwa 1,100, yaani ada yake na kidogo juu, na kodi nayo ipande kwa kasi ileile ili tusimpendelee yeyote.

Baada ya miaka 10, mnunuzi atakuwa ametoa takriban 32,580 na mpangaji takriban 13,840. Baada ya miaka 20, mnunuzi atakuwa amefikia takriban 53,070 na mpangaji takriban 36,370. Katika mwaka huo wa 20, ada peke yake itakuwa imepita 2,500. Sasa itazame ile kauli ya kulipia malazi kwa bei ya leo. Ulichokilipa kwa bei ya leo ni kiingilio tu, na malazi utaendelea kuyalipia kwa bei ya kila mwaka unaokuja.

Hapo nimechukulia kwamba unalipa taslimu. Ukikopeshwa na kampuni inayokuuzia, na mkopo huo ukawa wa miaka 10 kwa riba ya asilimia 15, zile 20,000 zitageuka kuwa takriban 38,700 kabla hujalipa hata ada moja. Mikopo ya aina hii hutolewa palepale mezani kwa muda mfupi sana, na riba yake kwa kawaida huwa kubwa kuliko ya mkopo wa nyumba, kwa kuwa benki nyingi hazikubali taimshea kuwa dhamana. Jambo hilo peke yake linaeleza mengi kuhusu thamani ya unachonunua.

Ila badilisha tarakimu moja tu katika hesabu hiyo. Badala ya kununua kwa kampuni kwa 20,000, nunua wiki ileile kwa mmiliki anayetaka kutoka, kwa 2,000. Mnunuzi wa namna hiyo hulingana na mpangaji karibu na mwaka wa 15, na baada ya miaka 20 atakuwa ametoa takriban 35,070, kiasi kilicho chini kidogo ya kile cha mpangaji. Tofauti ni ndogo, na mpangaji angeweza kuacha mwaka wowote. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama ununue au ukodi, uliza unanunua kutoka kwa nani. Kununua kwa kampuni kwa bei kamili mimi sioni hesabu inayokutetea, na nimejaribu kuitafuta kwa nia njema.

Mwenye Wiki ya 52 alijibu:

Ndugu Mhasibu ameeleza vizuri, lakini niruhusiwe kumpinga mahali pamoja, kwa kuwa mimi ni mmiliki na sijutii.

Hesabu yake imechukulia kwamba wiki ya kukodi itapatikana, na kwa kodi inayokaribia ada. Katika kipindi chenye watalii wachache hilo ni kweli. Katika vilele vya msimu si kweli hata kidogo. Kalenda ya taimshea huupanga mwaka kwa wiki zenye namba, kuanzia 1 hadi 52, na kila baada ya miaka kadhaa hutokea ya 53. Mimi ninamiliki wiki ya 52 yenye tarehe maalumu, ya mwisho wa mwaka, ambayo kila mtu huitaka. Ada ninayolipa ni ileile anayolipa jirani yangu mwenye nyumba ya ukubwa uleule katika wiki ambayo hakuna mtu anayeitaka, kwa sababu ada hufuata gharama za jengo, na paa halijui kama ni msimu wa watalii au siyo. Kodi ndiyo inayopanda na kushuka. Wiki yangu hukodishwa kwa zaidi ya mara mbili ya ada yake, ilhali ya jirani wakati mwingine haipati mpangaji hata kwa nusu ya ada.

Kwa hiyo, ndugu Msafiri, watoto wako wanaosoma wana uzito katika uamuzi huu kuliko ulivyowapa. Familia iliyofungwa na ratiba ya shule inashindania wiki chache zilezile na familia nyingine zote. Ikiwa unataka mahali pamoja, wiki ileile, mwaka hadi mwaka, na mahali hapo panagombaniwa, basi umiliki wa wiki yenye tarehe maalumu una maana, mradi usiununue kwa bei ya kampuni. Mimi niliununua kwa mmiliki aliyekuwa amezeeka na hasafiri tena, nikalipa taslimu. Sihangaiki kutafuta, sina wasiwasi wa kukosa, na ninawafahamu majirani wa wiki hiyo kwa kuwa ni walewale.

Lakini uliza kwa ukali: unauziwa wiki gani? Kampuni kubwa ya kubadilishana, RCI, ambayo kupitia kwake wamiliki hubadilishana wiki zao na wamiliki wa majengo mengine, na iliyoanzishwa Marekani mwaka 1974, imezoea kuzipanga wiki kwa rangi, nyekundu ikiwa ya msimu mkubwa, nyeupe ya msimu wa kati na buluu ya msimu mdogo. Interval International, iliyoanza mwaka 1976, hutumia nyekundu, njano na kijani. Muuzaji hukuonyesha picha za wiki nyekundu wakati karatasi unayotia saini inazungumzia buluu. Na akikuambia kwamba wiki yako haina tarehe maalumu, kwamba utachagua mwenyewe kila mwaka, elewa kwamba wenzako wote wanachagua siku ileile ambayo dirisha la kuweka nafasi linafunguliwa.

Kingine ni kuomba bajeti ya jengo kabla ya kununua. Kuna fungu liitwalo akiba ya matengenezo makubwa, ambalo ndilo hubadilisha lifti, mabomba na samani. Fungu hilo likiwa tupu, siku lifti itakapokufa wamiliki wote wataletewa mchango maalumu juu ya ada ya kawaida, na mchango huo haukwepeki. Nimeona bajeti ambayo akiba yake haikutosha hata kubadilisha magodoro ya ghorofa moja.

Karani Mstaafu alijibu:

Nimefanya kazi ya kusoma mikataba kwa muda mrefu, hivyo nitabaki kwenye karatasi.

La kwanza kulitambua ni aina ya haki unayouziwa. Kuna umiliki wa hati, ambapo jina lako huandikishwa kwenye rejesta ya ardhi kama mmiliki wa sehemu ya nyumba. Kuna haki ya kutumia, ambapo jengo linabaki kuwa la kampuni na wewe una ruhusa ya kulitumia kwa miaka iliyotajwa. Na kuna pointi, yaani alama unazopewa kila mwaka ili uzitumie kulipia siku za kukaa, ambazo zinaweza kusimama juu ya hati au zisisimame juu ya chochote zaidi ya uanachama. Wauzaji husifu hati kwa sababu neno hilo linatuliza moyo. Kwa maoni yangu, haki ya kutumia yenye mwisho mara nyingi ni salama zaidi kwa mnunuzi, kwa sababu moja rahisi: ina mwisho. Mikataba ya mwanzo ya Disney Vacation Club, mpango wa taimshea wa Disney ulioanza mwaka 1991, inakwisha mwaka 2042, na baada ya hapo mwenye nayo hadaiwi tena ada. Mwenye hati ya milele anadaiwa milele.

Hapo ndipo ile kauli ya mali ya kurithisha inapoonyesha upande wake wa pili. Mkataba wa milele unarithisha nyumba pamoja na deni lake la ada. Katika majimbo ya Marekani mrithi anaweza kukataa urithi huo kwa maandishi, mradi hajaanza kuutumia. Mtoto anayeenda kukaa wiki moja tu kwa ajili ya kumkumbuka mzazi anaweza kuwa ameshaupokea. Hispania iliona tatizo hili mapema. Sheria yake ya mwaka 1998 iliweka ukomo wa miaka 50 kwa mikataba ya aina hii, na Januari 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaamua kwamba mikataba iliyofungwa baada ya sheria hiyo bila kuweka mwisho ilikuwa batili. Wamiliki wengi waliodhani wamefungwa maisha walipata njia ya kutoka kupitia uamuzi huo.

La pili ni muda wa kujiondoa. Katika Umoja wa Ulaya, Mwongozo wa 2008/122 unampa mnunuzi siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu yoyote, na ndani ya siku hizo muuzaji haruhusiwi kupokea malipo, hata kidogo, hata yakiitwa dhamana. Muuzaji asipokupa fomu ya kujiondoa, muda huo hurefuka hadi mwaka mmoja na siku 14. Mwongozo huohuo unazibana pia klabu za likizo za muda mrefu, zile ambazo unalipia punguzo la bei badala ya nyumba, kwa sababu wauzaji walikuwa wamehamia huko kukimbia sheria ya awali ya mwaka 1994. Marekani kila jimbo lina muda wake: Florida ni siku 10, California siku 7, Nevada siku 5. Tafuta muda unaotumika mahali unapotia saini. Usifikirie kuwa ule wa nyumbani kwako ndio utakaokulinda.

Ukitaka kujiondoa, usipige simu. Andika barua, taja namba ya mkataba na majina yote yaliyotia saini, kila mmoja atie saini yake, kisha itume kwa njia ambayo mkataba wenyewe umeitaja na uhifadhi stakabadhi yenye tarehe. Anwani ya kutumia barua hiyo huwa imo ndani ya rundo la karatasi, aghalabu katika ukurasa ambao mkono wa muuzaji huupita haraka.

Kuhusu bei inayokoma mwisho wa wiki, waombe waiandike kwa maandishi yenye saini na wakupe nakala ya mkataba ukausomee nyumbani. Wakikataa, umeshapata jibu. Wakikubali, utakuwa na wiki nzima ya kuusoma.

Msafiri Mtulivu aliandika:

Ninawashukuru sana. Nimerudi kwenye karatasi zangu na nimeona mambo mawili ambayo sikuyaona mwanzoni.

Kwanza, tunachouziwa si wiki. Ni pointi. Muuzaji alizungumza kuhusu "wiki yenu" muda wote, lakini mkataba unataja idadi ya pointi kwa mwaka, na kuna jedwali linaloonyesha kwamba pointi hizo zinatosha siku saba za nyumba ya vyumba viwili katika msimu mdogo. Katika likizo za shule zinatosha siku nne. Chini ya jedwali kuna mstari wa herufi ndogo unaosema kwamba kampuni inaweza kulirekebisha jedwali hilo.

Pili, kuna kifungu kinachosema kwamba kampuni ina haki ya kwanza ya kununua endapo nitataka kuuza, na kingine kinachosema kwamba atakayenunua kutoka kwangu hatapata "manufaa ya wanachama walionunua moja kwa moja". Muuzaji alipokuwa akielezea kifungu hicho cha kwanza, alisema maana yake ni kwamba kampuni itakuwa tayari kununua tena kutoka kwangu. Je, ndivyo?

Na kama tukiamua kukodi, ninawezaje kumtumia mtu nisiyemjua fedha ya wiki nzima na kuwa na hakika kwamba tutakapofika na mizigo na watoto tutapewa funguo?

Karani Mstaafu alijibu:

Sivyo. Haki ya kwanza ya kununua ni haki yao, haiwalazimishi chochote. Ukipata mnunuzi, unawapelekea bei mliyokubaliana, nao wanaamua kama waichukue wao kwa bei hiyo au wakuachie uendelee. Usipopata mnunuzi, kifungu hicho hakina msaada wowote kwako. Unachohitaji kutafuta ni kifungu cha kurudisha, kinachoilazimisha kampuni ikupokee mkataba wako kwa masharti yaliyoandikwa. Ikiwa hakimo, basi hakimo, hata kama muuzaji ameapa. Mikataba hii karibu yote ina mstari usemao kwamba ahadi za mdomo hazihesabiki, na mstari huo utautia saini wewe.

Dada Ramani alijibu:

Kaka Msafiri, jedwali lako limeniambia mengi kuliko maelezo yote ya muuzaji. Mimi sijawahi kununua na huwa nakodi kwa wamiliki, hivyo nitajibu hilo la mwisho. Lakini niseme neno kwanza kuhusu pointi.

Pointi zina faida ya kweli kwa mtu anayeweza kusafiri wakati wowote. Mstaafu, kwa mfano, au wawili wasio na watoto wa shule, wanaweza kuzigawa katika safari fupi fupi za msimu mdogo na wakapata siku nyingi. Familia yako iko upande wa pili wa jedwali hilohilo. Tena mfumo wa pointi una foleni yake. Katika ule wa Disney alioutaja Karani, mmiliki anaweza kuweka nafasi miezi 11 kabla katika jengo alilonunulia, na miezi 7 kabla katika majengo mengine ya mpango huo, kwa hiyo nafasi za likizo za shule katika majengo yanayopendwa huwa zimekwishapungua dirisha la pili linapofunguliwa. Mifumo mingine ina madirisha yake, lakini kanuni haipishani sana: anayepanga mapema hupata, na anayesubiri hugawana mabaki. Kampuni za kubadilishana nazo hutoza ada ya uanachama na ada ya kila badilisho, juu ya ile ya matunzo. Muuzaji hukuonyesha ramani ya dunia yenye vitone, lakini hakuonyeshi ni vitone vingapi vina nafasi wakati watoto wako wamefunga shule.

Kile kifungu cha manufaa usikichukulie kuwa cha wengine. Kinamhusu mnunuzi wako leo, lakini kesho kinakuwa bei yako. Anayenunua mkono wa pili anajua kwamba atazuiwa kutumia baadhi ya majengo au huduma, hivyo anatoa kidogo. Ndiyo maana kuna watu wanaoziuza kwa bei ya kutupa, na wengine wanaozitoa bure ilimradi mtu mwingine abebe ada. Pitia matangazo ya wanaouza mkataba kama huohuo uone wanaomba kiasi gani. Halafu kumbuka kwamba hicho wanachoomba sicho wanachopata.

Sasa kukodi. Ninachokifanya ni hiki. Namwomba mmiliki kwanza aweke nafasi, kisha aiandikishe kwa jina langu, si lake. Kampuni nyingi humruhusu mmiliki kumwandikisha mgeni, wakati mwingine kwa malipo madogo ya cheti cha mgeni, na cheti hicho huwa na namba. Nikishapata namba, napiga simu mwenyewe kwenye mapokezi ya jengo, kwa namba ya simu niliyoitafuta mwenyewe na si aliyonipa mmiliki, nawauliza kama kuna nafasi kwa jina langu na tarehe hizo. Nauliza pia kama ada ya mwaka husika imelipwa, kwa sababu majengo mengi humfungia mlango mgeni wa mmiliki anayedaiwa. Mapokezi wengine hawatalijibu swali hilo kwa kulinda siri za mteja. Hapo namtaka mmiliki anitumie stakabadhi.

Malipo nayagawa: sehemu wakati wa kutia saini mkataba mfupi wa kukodi, na baki baada ya nafasi kuthibitishwa na jengo. Nalipa kwa kadi au kwa njia yenye uwezekano wa kurudishiwa. Anayeng'ang'ania apokee kwa njia isiyorudi nyuma, na yote kwa mkupuo, namshukuru na kuondoka. Zipo pia tovuti zinazoshikilia fedha hadi siku ya kuingia. RedWeek ni moja ya zinazofahamika kwa kuwakutanisha wamiliki na wapangaji, na TUG, jukwaa la wamiliki lililoanza miaka ya 1990, lina mijadala mingi kuhusu majengo mahususi, ambayo ni mizuri kusoma hata kama hukodi.

Jambo ambalo halinifurahishi katika kukodi, na sitalificha, ni kwamba sina pa kulalamikia likitokea tatizo. Jengo linamtambua mmiliki, mimi ni mgeni wake. Mara moja tulipewa nyumba inayotazama maegesho ya magari badala ya ile iliyoahidiwa, na mapokezi wakanielekeza nimtafute mmiliki ambaye wakati huo alikuwa amelala upande wa pili wa dunia. Niliomba punguzo baadaye nikapewa, lakini likizo ilikuwa imekwisha.

Mhasibu wa Jioni alijibu:

Nikiongeza juu ya jedwali la pointi: kama pointi zako zinatosha siku nne tu katika likizo za shule, basi hesabu niliyokupa ilikuonea huruma. Ili upate siku saba kwa kasi ileile utahitaji pointi zaidi kwa karibu robo tatu, na bei pamoja na ada vitapanda kwa kadiri hiyo. Ndivyo mtu anavyorudishwa kwenye kikao cha mauzo akiwa tayari mwanachama, safari hii akiuziwa nyongeza.

Tahadhari nyingine ni kwa yeyote anayesoma hapa akiwa tayari anamiliki na anataka kutoka. Akikupigia simu mtu usiyemjua akidai ana mnunuzi mkononi kwa bei nzuri ajabu, na kinachohitajika ni wewe kutanguliza kodi au gharama za uhamisho, kata simu. Mwaka 2023 Wizara ya Fedha ya Marekani iliziwekea vikwazo kampuni kadhaa za Meksiko kwa kuhusika na ulaghai wa aina hiyo kwa niaba ya genge la dawa za kulevya la Jalisco, na walengwa wengi walikuwa wamiliki wazee. Anza na kampuni yenyewe, uliza kama ina mpango wa kupokea mikataba inayorudishwa. Baadhi zinao, na hazitangazi.

Mwenye Wiki ya 52 alijibu:

Baada ya kusikia kuhusu jedwali hilo, mimi pia nasema usinunue hiki ulichopewa. Nilikuwa natetea wiki maalumu yenye tarehe, na hii siyo.

Ila usilifute wazo zima. Kodi jengo hilohilo katika likizo ijayo ya shule, ukifuata utaratibu wa Dada Ramani, na mkiwa huko zungumza na wamiliki. Wako kwenye bwawa asubuhi na kwenye vyumba vya kufulia jioni, na watakuambia ada ilikuwa kiasi gani walipoanza na sasa ni kiasi gani. Tazama pia ubao wa matangazo karibu na mapokezi; wanaotaka kuuza mara nyingi hubandika karatasi zao hapo. Kama mmerudi mahali hapo kwa likizo kadhaa na bado watoto wanapauliza, tafuta wiki yenye tarehe maalumu kwa mmiliki anayetoka, na kabla ya kumlipa omba barua ya jengo inayoonyesha kwamba hadaiwi ada wala mchango maalumu, kwa sababu deni lililobaki huhamia kwa mnunuzi pamoja na funguo.

Msafiri Mtulivu aliandika:

Nimemsomea mwenzangu majibu yote, na lile jedwali tumelipitia pamoja kwa kalamu. Tumekubaliana kutotia saini. Nimepata mmiliki anayekodisha nyumba ya vyumba viwili katika jengo lilelile kwa wiki ya likizo ya shule. Anaomba zaidi ya ada, kama Mwenye Wiki ya 52 alivyotahadharisha, lakini amekubali kuandikisha jina langu kabla ya malipo ya pili. Namba ya mapokezi nimekwisha kuitafuta mwenyewe, nitawapigia kesho asubuhi.